Jagi la Njano Alilotuletea Dada

Nyumbani kwetu watu walianza kuumwa mmoja baada ya mwingine, isipokuwa mpishi.

Na mpishi alikuwa mke wangu.

Hesabu inayofuata unaijua. Shangazi yangu aliipiga haraka kuliko kikokotoo.

Alianza mama. Tumbo linamkata, chakula hakipandi. Kisha kiganja cha kulia kikalegea, kikawa kinaning'inia kama kitambaa kilicholowa.

Mama ni mfinyanzi. Katulea kwa viganja hivyo.

Akaanza na kusahau maneno. "Nipe ile... ile ya kufagilia."

Shangazi, dada wa marehemu baba, akaja kumuuguza. Haikupita muda, tumbo likamshika na yeye.

Akaniita chumbani, akarudishia mlango.

"Mwanangu, mkeo anatumaliza."

"Shangazi, jamani!"

"Mbona yeye mzima? Na wewe unayekula kazini, mbona mzima?"



Kesho yake mke wangu akanipa chai. Nikamtazama mikono, nikasema nimechelewa.

Chai nikaiacha mezani.

Aliona. Jioni nikamkuta anakunja nguo zake, moja moja, bila haraka.

"Nimpeleke mama hospitali kwanza," akasema. "Nisije nikaondoka na jina la mchawi."

Tukaenda wote. Mama akatolewa damu. Tuliporudia majibu, daktari akavua miwani.

"Mama ana risasi nyingi kwenye damu."

Shangazi akashika kifua. "Risasi! Nani kampiga?"

Hata daktari alicheka. Akatueleza: risasi ni madini pia, yamo kwenye rangi fulani fulani, vitu vichachu huyayeyusha, na yakiingia mwilini hula mishipa ya fahamu taratibu.

"Kuna chombo kipya nyumbani? Cha rangi?"

Tukatazamana.

"Jagi," mke wangu akajibu. "Mimi ndiye ninayeliosha. Ndani lilikuwa linang'aa kama kioo, siku hizi limefifia."

Jagi alilotuletea dada.

Dada yangu naye ni mfinyanzi, ila alivuka maji miaka mingi iliyopita. Vyungu vya mama ni vyeusi, vikavu, vya kazi. Dada kule akajifunza kupaka rangi inayogeuka kioo ndani ya tanuri. Kazi zake zikawa na umbo la mama na ngozi ya ugenini, na watu wa kule wakawa wanazigombea.

Alipokuja likizo alimletea mama jagi lenye tumbo na shingo kama ya vyungu vya mama mwenyewe, njano kama kiini cha yai. Mama alilipapasa huku analia. "Mwanangu hajanisahau."

Tangu siku hiyo maji yake ya limau yakawa yanalala humo. Akinywa yeye, anammiminia na wifi yake, shangazi. Mke wangu ana vidonda vya tumbo. Limau haligusi.

Nikampigia dada palepale.

"Lile jagi la mama, rangi yake ina risasi?"





"Analinywea?" Sauti ilikuwa ya mtu anayezama. "Lile ni pambo! Huku linawekwa kwenye rafu, linatazamwa. Hakuna anayetia kitu!"

"Tangu lini mama akajua chungu kisichotiwa kitu?"

Akalia kama mtoto.

Kisha akasema, "Mungu wangu, na mengine niliyouza!"

"Mengine yako wapi?" nikauliza.

"Wamenunua watu wa nyumbani, walioko huku. Walisema wanataka kunywa maji kama kwa mama zao. Nikaona fahari."

Tangu hapo dada amekuwa akiwapigia mmoja mmoja. Wengine wamepimwa, wanatibiwa. Kuna mama mmoja mzee, anaishi peke yake, simu yake inaita tu.

Mama anaendelea na dawa. Kiganja kimerudi nusu. Shangazi kamwomba radhi mke wangu mbele yetu sote, na kasamehewa.

Mimi bado. Chai ananipa, ila kwanza anainywa funda moja mbele yangu, ndipo ananikabidhi kikombe.

Ndugu yangu, nyumbani kukiingia balaa, usikimbilie kumkagua usiyempenda. Anza na kile mnachokipenda wote.