Kitambaa cha Nyamusi

Mwaka jana ungemuuliza mtu yeyote sokoni Suneka uyoga wa Bonareri ukoje, angekujibu, "Wa yule Mama Sumu? Pita mbali!"

Jina hilo alibandikwa na Nyamusi, jirani yake wa kibanda, siku ile Linda wa cherehani na watoto wake walipotapika mpaka wakatundikiwa maji hospitalini. Linda alikuwa amenunua uyoga kwa wote wawili, akaupika chungu kimoja. Lakini Nyamusi aliwahi kupiga kelele, "Ni wa Bonareri huo!" na soko likaamini aliyetangulia kusema.

Jioni ile Bonareri aliokota kofia moja ya uyoga iliyodondoka chini ya beseni la Nyamusi, akailaza kifudifudi juu ya karatasi kwake jikoni. Asubuhi akainua. Kumbe uyoga huchapa! Vile vijikunjo vyembamba vya chini, vilivyobanana kama kurasa za kitabu, vilikuwa vimemwaga unga laini, na unga ulikuwa wa kijani. Akajaribu wake, ambao watu wamekula miaka yote, ukachora duara la waridi hafifu: basi wa kijani ndio wenye sumu.

Lakini nani angemsikiliza Mama Sumu na kijikaratasi chake? Akaamua kungoja kitu cha Nyamusi mwenyewe kiseme.

Mvua za mwaka huu ziliporudi, Bonareri aliingia tena kwenye miti nyuma ya boma lao, kando ya kichuguu, akachimba kwa kijiti polepole. Uyoga wa mchwa una ncha katikati ya kofia na mzizi mrefu ajabu, unaoshuka mpaka kwenye nyumba ya mchwa wenyewe. Aliupanga sokoni na mzizi wake, na udongo wake. Hakuna aliyenunua.

Nyamusi aliokota popote, hata kwenye nyasi za uwanjani, na mashina aliyakata yote. "Wateja wanataka usafi," alijigamba, akipanga kofia kifudifudi juu ya kitambaa cheupe pe ndani ya beseni. Na kwa kuwa Jumamosi ni Sabato, alichuma Ijumaa, zikalala hapo hapo kwenye kitambaa hadi Jumapili. Jumapili moja Bonareri alimtazama akifika na beseni hilo.

Mteja wa kwanza wa Nyamusi akawa Linda, mtoto mgongoni.

Nyamaza tu, roho ilimnong'oneza Bonareri. Wacha wale. Safari hii utakuwa wa kwanza kupiga kelele. Utamu wa wazo hilo ulimjaa mdomoni kama asali. Kisha mtoto akapiga chafya.

"Linda!" aliita. "Mwambie ainue kofia tuone kitambaa."

"Mama Sumu leo ameamka na maneno!" Nyamusi alicheka. "Dada, uza zako."

"Nimemuuzia nani mwaka mzima? Inua."

"Siinui."

Linda akainua mwenyewe. Kitambaa kilikuwa na maduara ya kijani, moja baada ya jingine, kama mihuri ya chifu. Bonareri akatoa kofia zake alizolaza juu ya karatasi tangu jana: waridi tupu.

"Nilitapika rangi hiyo hiyo," Linda alisema taratibu. Halafu akageuka, na sauti yake ikasikika mpaka stendi. "Nyamusi! Ulinilisha wewe, ukamvika mwenzako jina la sumu!"

Watu wakajaa. Uyoga wote wa Nyamusi ukamwagwa chooni, ila kitambaa Bonareri alikinyakua, akakipigilia misumari juu ya kibanda chake.

Jumapili iliyofuata Bonareri alikuwa karibu kumaliza beseni kabla ya saa nne. Nyamusi akaja, macho chini.

"Dada, nisamehe. Nirudishie tu kitambaa, nikifue."

"Mimi uliniita nani?"

"Bonareri..."

"Hapana. Lile jingine. Liseme kwa sauti, kama siku ile, useme na mwenye jina hilo ni nani."

Nyamusi akatazama wateja waliopanga foleni, akageuka, akaenda zake. Kitambaa bado kinaning'inia pale. Mvua ikitisha, Bonareri hukifunika kwa nailoni, maduara yasije yakafutika.