Mbuzi wa Kukataa

Mwaka 1978, Jonah wa Matiliku alijivunia mambo matatu: koti la mzee wa kanisa, baiskeli yenye taa, na ujuzi wake wa ndoa za wengine. Ya kwake ilimshinda. Mwaka mzima hakuwa amemsemesha mkewe. Akitaka chumvi humtuma mtoto aiombe, na mama mtu ameketi pale pale. Ndinda, dada yake, aliyajua haya kutoka kwa huyo wifi, aliyekutana naye kila siku mtoni wakichota maji. Na Jonah huyo ndiye aliyeamua kwamba Ndinda hana ndoa.

Kosa la Ndinda lilikuwa kuolewa na Muli, fundi wa mikokoteni, aliyesikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Zilipomjia mara ya kwanza, Muli alitembea peku hadi Kibwezi. Alirudishwa, akapelekwa hospitali, akapewa vidonge. Kanisa la Jonah lilimwombea kwa makelele, kisha likamsengenya kwa minong'ono. Ndinda alifanya jambo ambalo watakatifu hao hawakulifikiria: alimwuliza mumewe.

Tangu hapo ikawa desturi yao kila asubuhi.

"Baba Nthenya, leo zipo?"

"Zipo."

"Zinasemaje?"

"Zinasema uji wako una mchanga."

"Za leo zina akili. Meza dawa."

Sauti zikizidi, Muli mwenyewe humkabidhi mkewe shoka na tezo, zana zake zenye makali, aziweke mbali, kisha hushinda akipiga msasa mbao. Walikosana kama watu wote wanavyokosana, lakini kwa miaka minne hakuna aliyelala bila kumsemesha mwenzake. Nyumba ngapi za wazee wa kanisa zingeweza kujisifu hivyo?

Basi Jumamosi moja Jonah akatokea akivuta mbuzi, nyuma yake Mzee Mulei wa ukoo. Ndinda alimwona yule mbuzi akaelewa. Huyo hakuwa zawadi. Kwa Wakamba, jamaa za mke wakimpelekea mume mbuzi wa kukataa, naye akaishika kamba mbele ya shahidi, ndoa imekwisha.

"Shemeji, nimekuja kukutua mzigo," Jonah alisema, akinyoosha kamba kwa huruma ya mtu anayejipenda.

Muli alisimama. Wiki ile nzima shoka na tezo vilikuwa kwa mkewe.

"Labda ana haki," alisema polepole. "Mama Nthenya, umechoka. Unachekwa kwa ajili yangu." Akanyoosha mkono.

Ndinda aliweka sufuria chini. "Baba Nthenya, hayo ni maneno yako au ni yao?"

Mkono wa Muli ukasita hewani.

"Ni yao," alikiri. "Tangu alfajiri zinaniambia nikuache."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nataka uji."

Mzee Mulei alijikohoza ili asicheke.

"Ndinda!" Jonah alifoka. "Unabishana na wazimu?"

"Ninazungumza na mume wangu. Na wewe, mzee wa kanisa, mkeo ulimsemesha lini? Ama tumtume mtoto akaulize?"

Jonah aliinua mikono yote miwili kuiita mbingu ishuhudie. Mbingu haikujibu. Mbuzi, aliyeachiliwa, aligeuka na kushika njia ya kwao, akakata katikati ya shamba la mbaazi. Mzee wa kanisa akamfuata mbio, koti likipepea, akimwita kwa majina yasiyotamkwa ibadani.

"Kamba haikushikwa," alisema Mzee Mulei akiketi. "Mimi sikuona talaka. Nimeona mtu akikimbiza mbuzi. Huo uji unatosha watatu?"

Ndinda akamimina. Akampa Muli kikombe na vidonge viwili. Muli akameza, akanywa, akafikiri kidogo.

"Una mchanga," alisema.

"Nani anasema hivyo?"

"Mimi."