Foleni ya Doto

Usiku ule nilioota ndoto hii, ninyi vijana mtakaosoma haya, sikuwa na homa wala sikushiba kupita kiasi. Nilisali, nikalala. Kwa hiyo msinicheke.

Mjukuu wangu Sabina, anayesomea dawa chuoni, alikuwa ameacha kompyuta yake ikinguruma sebuleni tangu Jumapili. "Inachekecha dawa, Bibi."

"Chekeche gani halina tundu?"

Akanieleza. Humo ndani mna michoro ya chembe maelfu kwa maelfu, na kila moja inajaribiwa kwenye mchoro wa damu ya mgonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa damu, ionekane ipi itakaa ishike. Zitakazoshika ndizo watakazozipima maabara. Nikamwambia vizuri, lakini inakula umeme wangu. Kukicha naichomoa, hata kama itabidi aanze upya.

Nikalala, nikajikuta hospitalini, kwenye benchi lile alilotukalisha mama, mimi na pacha wangu Doto, kila mifupa ilipomuuma. Doto alikufa kwa selimundu tungali wasichana. Tulikuwa tukipanga foleni mpaka mchana, tukifika mbele tunaambiwa mpeni maji mengi, dawa ya kuuondoa ugonjwa huu hakuna.

Sasa benchi ni tupu. Doto amekaa kwenye kiti cha daktari, gauni lake lile la maua, miguu haifiki chini. Na nje, foleni! Imejaa uani, imevuka barabara, imepanda mlima, mwisho wake siuoni. Si watu. Ni dawa. Nyekundu, za njano, nyingine hata rangi zake sizijui, zinasukumana kama watoto wa shule bombani.

"Kulwa, umezeeka!" ananiambia. "Njoo uone. Safari hii zenyewe ndizo zinapanga foleni."

Ananyoosha kiganja. Moja inaingia, inakigusa, inateleza. "Haya, toka. Anayefuata!" Inakuja moja imejipamba, inang'aa. "Wewe nawe, umekuja harusini?" Nacheka mpaka nashika mbavu. Zinapita mbiombio. Mara inaingia moja ndogo, ya kijivu, haina hata sura. Inakaa kiganjani. Haitelezi. Doto anakunja vidole, pumzi yake inatulia, na sisikii tena ule mlio wa maumivu aliokuwa akiutoa pale benchini.

"Iko nyingine kama hii," ananong'ona. "Iko nyuma kabisa."

Natazama nyuma. Taa zinazimika, moja moja, kuanzia mkiani mwa foleni. Kuna mkono unazizima. Naujua ule mkono. Una pete yangu.

"Kulwa! Wa mwisho hajaingia!"

Nikaamka, nikakimbilia sebuleni bila kandambili. Mashine bado inanguruma. Sabina akatoka na kanga yake. "Bibi, unalia au unacheka?"

"Ile ndogo ya kijivu imepita?"

"Hazina rangi, Bibi. Na hata ikishika humu, bado si dawa. Ina miaka ya kupimwa."

"Basi usipoteze muda."

Nikawaamsha wajukuu wote, na babu yao. Nikasema: kuanzia leo pasi hakuna, televisheni hakuna. Umeme ukipungua, zimeni friji, samaki tutawakaanga. Mashine hii asiiguse mtu mpaka wa mwisho aingie.