Mchonga Mihuri Asiyekuwa na Pasi

Kwenye korido yetu hatuitani majina, tunaitana kazi. Mimi ni Fotokopi, kwa sababu ya mashine yangu inayokohoa kuliko mvuta sigara. Yule wa mwisho karibu na ngazi ni Saa, ingawa mwenyewe hajawahi kufika kazini kwa wakati. Na wa mlango wa pili, tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, alikuwa Mihuri, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, aliyechonga mihuri ya mpira kwa mkono wakati wenzake wote walishahamia kwenye mashine.

Ungemwona kazini ungenyamaza. Alikuwa na kisu chenye ncha kama ya kalamu, na herufi alizichonga kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kusoma popote. Akimaliza alibandika mpira kwenye kipande cha mbao, akaugonga kwenye pedi ya wino, akaugonga kwenye karatasi, na jina la shule au chama likasimama wima. Kisha alikunja ile karatasi na kuitupa, hata tabasamu hana. Chakula alikula mwenyewe, mlango ukiwa umerudishwa nusu. Simu yake ilikuwa inaita wateja tu, na wateja wa mihuri hawapigi simu kujulia hali.

Miaka minane tulikaa ukuta kwa ukuta, na nilichojua kumhusu ni kimoja: hapigi nguo pasi. Blauzi safi, inanukia sabuni, lakini ina mikunjo kama imetoka kutafunwa. Mimi na mdomo wangu nikawa namtania. "Mihuri, leo pasi imekukosea nini?" Alikuwa anajibu, "Sina pasi, Fotokopi," na kuingia ndani. Nilidhani ni utani umemkolea. Sikujua namtonesha kidonda.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, akaanza kunijia asubuhi na ufunguo mkononi.

"Fotokopi, hebu nifungulie. Kufuli limeshika kutu."

Nikalifungua kwa vidole viwili. Kesho yake akaja tena, nikalitia mafuta. Keshokutwa akaja tena. Mimi si mwepesi wa kuelewa, nakiri. Nilimwambia anunue kufuli jipya, akalinunua, na asubuhi iliyofuata akanijia na ufunguo mpya.

Hapo ndipo nilipoitazama mikono yake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na kung'aa, mikono yote miwili, sawasawa kulia na kushoto. Alikuwa anakaa na kikombe cha maji ya moto kati ya viganja mpaka saa nne, vidole vikaanza kufunguka kimoja kimoja, ndipo ashike kisu. Nikimuuliza anasema ni uchovu. Halafu mwalimu mkuu mmoja akaurudisha muhuri wa shule: duara la nje lilikuwa na pengo, kisu kilikuwa kimeteleza. Mihuri aliutazama ule muhuri muda mrefu. Kwa miaka minane sikuwahi kuona kazi yake ikirudishwa, na nadhani yeye pia hakuwahi.

Alienda hospitali bila kuniaga. Nilijua pale simu yangu ilipoita na sauti ya karani ikasema majibu ya mgonjwa wangu yametoka, aje na ndugu.

"Mgonjwa gani? Mimi natoa kopi."

"Umeandikwa hapa. Mtu wa karibu wa kuwasiliana naye. Uhusiano, jirani."

Nilisimama pale mashine ikiendelea kutema makaratasi hadi yakamwagika sakafuni. Mke wangu alishatangulia, watoto wana maisha yao mbali, na mimi si mtu wa kuandikwa popote. Kwamba nilikuwa nimeandikwa kulinifurahisha, na palepale nikaona aibu, kwa sababu mwanamke mzima alikuwa ametafuta dunia nzima mtu wa kumwandika akaishia kwa mtu anayemcheka mikunjo ya nguo.

Tukaenda pamoja. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole na kalamu tatu mfukoni. Akamwambia ni baridi yabisi, ile ya viungo kuvimba. Askari wa mwili, badala ya kulinda nyumba, wanawapiga wenye nyumba. Dawa zipo, hazing'oi ugonjwa lakini zinautuliza, na uzuri ni kwamba amewahi. Kisha akauliza, "Kwenye familia kuna mwingine aliyewahi kuvimba hivi?"

"Mama," alisema Mihuri. "Lakini ya mama haikuwa ugonjwa. Ilikuwa pasi."

"Pasi?"

Ndipo nikasikia, mimi jirani wa miaka minane, kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu.

Mama yake alikuwa anafua na kunyoosha nguo za watu, kwa pasi ya mkaa, kutwa nzima. Nyumbani kwao sheria ilikuwa moja na haikuvunjwa: ukitoka kwenye pasi, usiguse maji baridi mpaka mikono ipoe, la sivyo vidole vitapinda. Jumapili moja, Mihuri akiwa darasa la tano, sare yake ikiwa imeshanyooshwa kwa ajili ya kupigwa picha shuleni kesho yake, aliivaa kwa kiherehere, akaruka nayo kamba, akaanguka kwenye tope. Mama hakumchapa. Alimvua sare, akaiweka pasi chini, akatumbukiza mikono kwenye beseni la maji baridi na kuifua. Hata miezi miwili haikupita, vidole vya mama vikavimba. Mwaka uliofuata vikaanza kupinda. Dada mtu, mkubwa wake kwa miaka mitano, akamwambia wakiwa wanaosha vyombo, "Unaiona mikono ya mama? Wewe ndiye uliyeivunja."

"Nilikuwa na miaka kumi na moja," Mihuri akamwambia daktari. "Nikawa namlisha mama kwa kijiko, na kila kijiko nilikiona kinaniuliza. Nilipofika kumi na minane nikaondoka. Sikuweza kukaa mbele ya ile mikono."

Daktari aliiweka kalamu mezani. "Pasi siyo, mama. Wala maji baridi. Hata hilo jina la baridi yabisi ni la zamani, usilisikilize."

Akamweleza polepole. Watu huzaliwa na vitu vidogo vidogo kwenye damu ya ukoo, vingi, kila kimoja na nguvu yake ndogo, vinavyoufanya mwili uwe mwepesi kukasirikia viungo vyake. Ni kama kuni kavu stoo. Zinaweza kukaa miaka hamsini zisiwake kamwe, hata pacha wa kufanana kabisa mara nyingi mmoja huugua na mwenzake asiugue. Kinachowasha hakijulikani chote. Sigara ni kiberiti kimoja kinachojulikana. "Lakini pasi siyo kiberiti," alisema. "Mama yako angeugua hata kama wewe ungekuwa mtoto wa kukaa kwenye kiti siku nzima. Na huu wako, hukuupata kama adhabu. Ni urithi tu, na wengi wanaourithi hawaugui. Una ndugu?"

"Dada. Ana watoto."

"Basi waambie. Si kwamba wataugua. Ila mmoja akianza kuvimba na kukakamaa asubuhi, asikae nyumbani akilaumu beseni."

Kwenye benchi nje Mihuri alilia. Nilitaka kusema kitu cha maana, nikaishia kumwambia koti langu ni safi akitaka kufutia uso. Alifutia kweli.

Siku nne alizunguka bila kumpigia dada yake. Namba ya dada yake alikuwa nayo, kwenye kadi ya harusi ya mpwa wake ambayo hakuihudhuria, ameihifadhi kwenye droo chini ya mipira. Asubuhi anaitoa, jioni anairudisha. Nikamkemea. "Unaogopa nini? Daktari kakufutia kesi."

"Daktari siye aliyenihukumu, Fotokopi. Itakuwaje dada akikataa?"

Ijumaa alasiri alikuja dukani kwangu akafunga mlango. Vidole gumba vilimuuma, kwa hiyo nilipiga mimi, na simu nikaiweka mezani kwa sauti ya nje maana kuishika sikioni hakuweza. Ikaita mara sita.

"Haloo?"

"Dada. Ni mimi."

Sauti ikarudi, imezeeka kuliko nilivyotegemea: "Mimi nani? ... Wewe? Mdogo wangu?"

Akamwambia yote, haraka haraka, akiwa amefumba macho. Mikono yake, majibu, watoto wawe waangalifu. Kisha akajikaza. "Na ile siku, dada. Ile sare. Daktari amesema siyo mimi."

"Sare gani?"

"Uliniambia mimi ndiye niliyeivunja mikono ya mama. Tukiwa tunaosha vyombo."

Upande wa pili nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Sikumbuki," alisema dada. "Haki ya Mungu, sikumbuki. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nasema kila kitu." Akapumua. "Ndiyo maana kwenye msiba wa mama ulisimama getini? Tulikuona. Tulidhani unatudharau."

Mihuri akafumbua macho.

"Lakini mama mwenyewe alikuwa anajua," dada akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inakatika. "Ulipoondoka alikuwa anaitazama ile mikono na kusema, hii ni ya mama yangu, kaniachia. Bibi alikuwa na vidole hivyo hivyo. Alisema hivyo kila mara. Hukuwahi kumuuliza?"

"Niliogopa," alisema Mihuri. "Niliogopa atanijibu."

Niligeukia mashine yangu nikajifanya natafuta karatasi. Miaka arobaini na kitu mtu anakwepa swali moja, na jibu lilikuwa linasemwa pale pale nyumbani kwao, kwa sauti, mbele ya kila mtu isipokuwa yeye. Nilimkasirikia dada mtu, nikamkasirikia na Mihuri, halafu sikuona faida ya kumkasirikia yeyote.

Waliongea mpaka chaji ikabaki kidogo. Simu ilipokatika Mihuri alitoa kadi ya hospitali kwenye mkoba, akaiweka mbele yangu pamoja na kalamu.

"Niandikie. Mimi siwezi kuandika vizuri leo. Weka namba ya dada."

Pale pa mtu wa karibu palikuwa na mstari mmoja tu. Nilichukua rula, nikaikata namba yangu kwa unadhifu kama mtu wa ofisi, nikaandika ya dada juu yake, na kwenye uhusiano nikafuta jirani nikaandika dada. Nilimfurahia kwa moyo wangu wote. Nasema kweli. Ila mkono wangu ulikuwa mzito kwenye ule mstari, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Jumatatu nilifika mapema kama kawaida, nikasimama mbele ya mlango wake nikisubiri kupewa ufunguo. Saa alipita, kwa mara ya kwanza maishani akiwa amewahi, akaniambia Mihuri alisafiri Jumamosi kwenda kwa dada yake, na ameacha salamu. Nilibaki pale kidogo nikilishika lile kufuli, kisha nikaenda kufungua langu.