Ng'ombe Aliyekula Ugali

Siku ambayo muganga wa ng'ombe alipanda kilima chetu cha Nyamitaba, huko Masisi, kwa ajili yangu mimi, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Siku ya harusi nilikuwa nimefunikwa uso, sikuona kitu. Siku ile ya muganga niliona yote, mwanangu, na kilima kizima kikaniona.

Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, nami nilikuwa mke kijana. Nilikuwa nimemzaa mtoto wangu wa kwanza, Yozefu, huyu ambaye leo ana mvi na anajifanya hajawahi kunyonya. Alikawia sana kutoka. Kichwa chake mnakijua. Wanawake waliokuwa wakinisaidia walichoka kuniombea, wakaanza kunigombeza. Mwishowe mtoto akatoka mzima, lakini mimi nikabaki nimeharibika huko chini. Mkojo ukawa unanitoka wenyewe, nikikaa, nikisimama, nikilala. Nalisema wazi kwa sababu umri wangu sasa unaniruhusu. Wakati ule nisingelisema hata kwa mto wangu.

Sikumwambia mtu. Kwa wanawake wa siku zetu, chochote kilichokuwa chini ya kitovu hakikuwa na jina. Tena niliogopa. Nilijua mume wangu akipata habari atanirudisha kwetu, mtoto atabaki kwao, na ng'ombe wa mahari yangu watadaiwa. Na ng'ombe hao baba yangu alikuwa ameshawatoa ili kaka yangu apate mke. Kwa hiyo nikiharibikiwa mimi, na ndoa ya kaka yangu inavunjika. Niliyabeba hayo yote peke yangu, na maji yakishuka.

Lakini nilikuwa mjanja. Nilitafuta mahali ambapo mwanamke anaweza kunuka bila kuulizwa, nikapapata: zizini. Nikaamka kabla ya watu, nikazoa mavi, nikawasha moto wa kufukuza inzi, nikashinda na ndama mpaka jua linazama. Hakuna aliyenusa kitu kingine ila ng'ombe. Mama mkwe wangu akaanza kunisifu kwa majirani. Katekista akanitaja kanisani kama mfano wa mke Mkristo mwenye bidii, nami wakati huo nimesimama nje karibu na mlango, nikijidai nambembeleza mtoto, kwa sababu naogopa kukaa kwenye benchi. Wake wengine wa kilima kile walinichukia kabisa. Waume zao walikuwa wakiwaambia, "Tazameni Mama Yozefu."

Ndipo muganga wa ng'ombe akaja bondeni kuwadunga ng'ombe wetu sindano. Alikuwa mtu mzima, ana masharubu, mpole. Nikawaza: huyu anajua mambo ya kuzaa, na mimi sitalazimika kusema ni nani anayeumwa. Nikangoja watu waondoke na mifugo yao, nikamkaribia.

"Papa Munganga," nikasema, "kuko ngombe yetu moja ilizala mara ya kwanza. Mutoto alikawia kutoka. Toka pale mukojo inamutoka yenyewe, haiishi."

"Inakula?"

"Anakula muzuri. Bugali na maharagi."

Akaacha kufunga mfuko wake. "Ngombe inakula bugali?"

"Majani! Nilitaka kusema majani."

"Na kulala, inalala?"

"Hapana, Papa. Anageukia ku ukuta, juu bwana yake asisikie harufu."

Alinitazama, mwanangu, akatazama milima, akanitazama tena. "Na mutoto wake iko namna gani?"

"Iko muzima. Ni kichwa tu njo kubwa. Tulimubatiza Yozefu."

Hapo hata mimi nilisikia nilichosema. Yeye hakucheka. Alivuta masharubu yake, akasema, "Kesho nitapanda kwenu. Nitaona hiyo ngombe."

Kweli akaja. Zizini kwetu ng'ombe aliyekuwa amezaa mara ya kwanza alikuwa mmoja tu, Gaju, fahari ya mama mkwe wangu. Muganga alipouliza habari ya ng'ombe anayevuja mkojo, mama mkwe alikasirika kana kwamba binti yake ametukanwa.

"Gaju? Gaju wangu? Nani alisema ile bongo? Ni uongo!"

Mimi nikajiinamia, nikafunga kamba ya ndama ambayo ilikuwa imeshafungwa. Majirani wakaanza kukusanyika, maana sauti ya mama mkwe ilikuwa inafika mpaka kilima cha pili. Maskini muganga, ili asionekane amekuja bure, ikabidi ainue mkia wa Gaju atazame. Gaju hakupenda. Alimpiga teke moja, mtu wa watu akakaa chini katikati ya mavi ambayo, kwa bahati mbaya, siku hiyo nilikuwa sijayazoa.

Akasimama pole pole, akajifuta, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hii ngombe iko muzima. Mugonjwa ni ile ingine, ile yenye kula bugali. Inapashwa kufika ku lopitali ya misioni. Kule kuko munganga mwenye kushonaka mambo ya vile, na wanaponaka. Mama Yozefu anaijua. Mumupeleke naye."

Wakati akisema hayo hakunitazama mimi. Alimtazama mama mkwe wangu. Nadhani alikuwa amenielewa tangu kule bondeni, akaona mimi sitasema, akaja aseme mbele ya watu wa nyumbani bila kuniaibisha.

Mume wangu alicheka mpaka akashika mti. "Ngombe ku lopitali! Atalala pa kitanda? Masista watamupikia?" Majirani nao wakacheka. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alitazama kitambaa nilichojifunga, kwa nyuma kimelowa. Akatazama zizi lile safi kuliko mazizi yote ya Masisi. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Mama Yozefu," akasema, "Gaju akikohoa, wewe njo wa kwanza kunikimbilia. Sasa wewe unaumwa miezi yote hii, na unajifichaka ndani ya mavi yake! Sisi tulitoa ngombe juu ya kupata wewe. Hatukutoa wewe juu ya kupata ngombe. Nani alikuambia ngombe njo mukubwa kwako?"

Nililia sana. Nikamwambia yote, habari ya kurudishwa, habari ya mahari, habari ya kaka yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto wangu akikurudisha kwenu," akasema, "anirudishe na mimi. Tutaenda wote."

Mume wangu alipoelezwa, aliacha kucheka. Akaenda kunichongea fimbo ya safari. Hakuwa mtu wa maneno mengi yakiwa mazito, na fimbo ile ilinitosha.

Tukashuka, tukapanda, tukashuka tena, mama mkwe mbele na Yozefu mgongoni mwake. Hospitalini tukakuta wanawake wamejaa kwenye benchi refu la nje. Mbele yao alikaa muuguzi kijana, suruali nyeupe, uso wa mtu asiye na mama mkwe. Akawa anawauliza mmoja mmoja kwa sauti, "Unaumwa nini?" Wa kwanza akajibu, "Kichwa." Wa pili, "Kichwa." Wa tatu akakohoa kidogo, akasema, "Ni kichwa, Papa." Kila mmoja akawa anapewa kidonge. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimetembea milima yote ile kwa ajili ya jambo moja tu, nikafungua mdomo wangu.

"Kichwa," nikasema.

Mama mkwe akasimama.

"Kichwa? Kichwa yake iko muzima, ni akili tu njo imepotea! Huyu mutoto anatokaka mukojo toka siku alizala! Mumupeleke kwa munganga mwenye kushona!"

Nilitamani kufa. Kisha mama mmoja aliyekuwa ameshapokea kidonge chake akageuka, akakitazama mkononi, akamrudishia muuguzi.

"Papa, na mimi pia," akasema. "Si kichwa."

Mwingine, aliyetoka mbali upande wa Walikale, akasema bila kuinua macho, "Mimi walinikata na wembe siku ya kuzala. Kidonda haijafunga mpaka leo." Na mwingine. Na mwingine. Vidonge vikarudi mezani kimoja baada ya kimoja, na kijana yule akabaki ametoa macho.

"Sasa hapa nani anaumwa kichwa?" akauliza.

"Mimi!" akafoka mzee mmoja wa kiume pale mwisho wa benchi. "Na niko nangoja toka asubui!"

Tulicheka, mwanangu. Tulicheka wanawake wote, na wengine tulikuwa tunacheka huku tunalowa, na hakuna aliyejali.

Walinishona. Nililala siku nyingi bila kugeuka, nikasali sala zote nilizozijua na nyingine nikazitunga. Asubuhi moja nikapapasa shuka kwa mkono. Ilikuwa kavu. Nikapapasa tena. Nikamwita mama mkwe naye apapase, naye akapapasa, akanikumbatia, tukalia kama watu wasio na akili.

Lakini kuna kitu sijamaliza kukwambia. Pale kwenye benchi kulikuwa na msichana mdogo kuliko sisi, kitambaa chake kimelowa kama changu. Wenzake waliporudisha vidonge, yeye alikifunga chake kwenye pindo la nguo. Alipoona tunacheka, nadhani alifikiri tunamcheka yeye. Akaondoka. Mimi nilimwona akienda na sikumwita, kwa sababu nilikuwa nashughulika na furaha yangu. Sikumwona tena. Namlilia mpaka leo.

Ndiyo maana bibi yako mzee nasimulia habari za mkojo wangu kwenye harusi, kwenye matanga na mbele ya padri, na wakwe zangu wanaziba masikio. Unafikiri sina haya. Haya ninayo. Ila najua kwamba mahali pote walipokaa wanawake, mmoja wao ameshika kidonge ambacho si chake, na hawezi kuanza kusema.

Basi, mwanangu, mwili wako ukiumia, mahali popote pale, hata huko pasipotajwa, usingoje ng'ombe akusemee. Pataje kwa jina mbele ya mtu anayeweza kukutibu. Aliyekukata, aliyekuharibu, au uzazi uliokuumiza, si aibu yako. Na wewe ukishapona, usikae kimya kana kwamba hukuwahi kuumwa. Sema la kwako kwanza, kwa sauti, halafu umfuate anayeondoka.

Mungu akulinde tumbo na mgongo. Akupe shuka kavu, usingizi mzuri, na mama mkwe mwenye sauti kubwa. Na msichana yule, popote alipo, akute mtu wa kumwita.