Bibi wa Nyumba ya Mwisho

Bibi wa nyumba ya mwisho, pale yanapoanzia malisho ambayo sheria imekataza kujengwa, ana sauti ya kuamsha mbwa. Mkononi mwake hamkosekani nyundo. Mvua ikiangusha bango la kupinga nyumba mia zinazopangwa kujengwa humo, yeye ndiye hulipigilia tena, misumari ameibana kwa midomo. “Hawapati hata shubiri! Wakajenge kwa mama zao!” hufoka, na jirani yake, Bwana Hesketh, huitikia, maana naye matingatinga humjia hata ndotoni.

Asubuhi moja akaja mpima ardhi. Hesketh alimwona bibi akitoka na nyundo, misumari midomoni, akangoja moto uwake. Mpima alivuta utepe wake kando ya uzio, akatazama ramani, akatazama mawaridi ya bibi.

“Mama, mbona kwenye ramani malisho yanaanzia huku ndani ya uzio wako, nyuma ya maua?”

Bibi akatema misumari kiganjani.

“Utakunywa chai kwanza, mwanangu?” akanong'ona. Hesketh hakuwahi kumsikia akinong'ona.

Mpima akapigilia kigingi katikati ya mawaridi, kisha akaanza kuvuta utepe kuelekea kwa Hesketh. Hesketh akageuka polepole kuutazama uzio wake mwenyewe, uliokuwa mstari mmoja na ule wa bibi.