Sauti Iliyokataliwa Giteranyi

Sogea karibu unisikilize, wewe unayetaka kujifunza kazi hii ya kubadilisha video. Nitakueleza polepole. Kompyuta usiiogope. Mimi nimewahi kuogopa sikio la mama mmoja asiyeona.

Binti yake alitoka Giteranyi, kule Muyinga, akafika kibandani kwangu mtaani Yoba, hapa Gitega, na memori kadi aliyoifunga kwenye kitambaa. Ndani yake mlikuwa na video ya kaka yake. Kijana alikuwa amerudi kutafuta kazi Tanzania, walikokulia kabla familia haijarejea Burundi. Simu yake ilikuwa haipatikani tena. Kadi aliituma kwa mkono wa mfanyabiashara, na redio yao ya nyumbani, ile yenye kioo kidogo, ilikataa kuifungua.

"Mama halali, fundi," aliniambia. "Akimsikia tu, atatulia."

Video niliibadilisha bila shida. Picha ilikuwa nzima, ingawa ilipigwa gizani, lakini sauti ilikuwa imeharibika tangu kwenye kadi: inakwaruza, inakatika. Basi nikaitenga na picha, nikaisafisha peke yake, nikairudisha mahali pake. Jirani yangu, Mkongomani anayeuza vitenge, akachungulia mlangoni.

"Fundi, leo iko unazungumuza na mizimu?"

Tukacheka. Binti akaondoka na flashi niliyomwekea video.

Kesho yake alinipigia, akinong'ona. "Mama anasema huyo siye. Hata shikamoo anayompa kwenye video hakuiitikia. Anasema tunamficha."

Hapo nikaelewa. Kwetu mtu mzima haambiwi msiba ghafla. Hufichwa mpaka ndugu wakusanyike, ndipo aambiwe taratibu. Mama yule aliamini tumetafuta kijana mwingine amwigize mwanawe aliyekufa. Nami ningemkanushia vipi? Nilichokiona ni uso gizani, uso wa mtu nisiyemjua.

Nikabeba kompyuta, nikaenda Giteranyi. Njia nzima maneno ya jirani yalinifuata, wala hayakunichekesha tena.

Mama alikuwa ameketi mkekani, shingo imenyooka.

"Ndiwe uliyeitengeneza?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo kijana mlimtoa wapi? Niambieni tu. Mwanangu amekufa lini?"

Binti akaanza kulia. Kile kilio ndicho kilichoniogopesha zaidi, kwa sababu mama aligeuza uso kukisikiliza, kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

Nikavaa spika za masikioni, nikaisikiliza sauti ya mwanzo pamoja na mikwaruzo yake, kisha ile yangu. Hapa ndipo penye somo, usiwe na haraka. Sauti ndani ya faili ni vipande vidogo mno, maelfu kila sekunde. Hii ilirekodiwa kwa vipande elfu arobaini na nne na mia moja. Programu niliyoisafishia iliichukulia kuwa ni elfu arobaini na nane. Vipande vikapita mbio kidogo, sauti ya mwanamume ikawa nyembamba kidogo. Kidogo tu! Sisi wenye macho tuliutazama uso, tukaridhika.

Nikairudisha hesabu yake. Je, kama hata hii angeikataa? Nikabonyeza.

"Shikamoo, mama," kijana akasema, kwa sauti nzito, ya chini.

Sikuthubutu kuinua macho.

"Marahaba," mama akajibu. "Marahaba, mwanangu." Kisha akanigeukia mimi: "Rudisha."

Nilirudisha mara nyingi, na kila mara aliitikia. Simu ya kijana bado ilikuwa haipatikani, na hofu hiyo sikuwa na programu ya kuitengeneza. Lakini jioni ile mama aliomba chakula.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi mtu kazi yake, cheza sauti ya mwanzo, kisha cheza uliyoitengeneza, ukiwa umefumba macho.